Injini Imegoma Kushuka: Dalili na Sababu Unaposhusha Injini na Krosimemba Nyumbani

Nilishusha injini ya Toyota IST ya mwaka 2003 nyuma ya nyumba, kwenye banda la bati lenye sakafu ya pevingi. Ilikuwa inakula oili kupita kiasi na nilitaka kubadilisha ringi za pistoni mwenyewe. Injini yake ni 1NZ-FE ya lita 1.5. Niliishusha kwa chini pamoja na giaboksi na ile fremu ndogo inayoibeba, ambayo mafundi wanaiita krosimemba. Kazi niliyoipangia Jumamosi moja ilikula Jumamosi tatu. Kufungua bolti hakukunichelewesha sana. Nilichelewa kila nilipolazimisha kitu kishuke na kumbe kuna mahali kilikuwa bado kimeshikwa.

Kwa hiyo sitapanga hapa hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Hizo zimo kwenye kitabu cha ufundi cha gari lako. Nitapita pale mtu anapokwama, nieleze kinachomkwamisha. Mengi yanafaa kwa gari lolote dogo linalovutwa na tairi za mbele: Vitz, Corolla, Fit, March na ndugu zao.

Gari linacheza juu ya stendi, au jeki inashuka yenyewe

Hii ndiyo dalili pekee inayokutaka uache kila kitu papo hapo. Usijipe moyo kwamba ni kidogo tu.

Sababu ya kwanza ni sakafu. Chini ya pevingi kuna mchanga, na mguu wa stendi ni mwembamba, hivyo unazama taratibu bila kelele. Weka kipande cha bamba la chuma au ubao mnene wa mti mgumu chini ya kila stendi. Sababu ya pili ni mahali ulipoiweka. Wengi tumezoea kuegemeza stendi kwenye krosimemba kwa sababu ni ngumu na iko karibu. Leo krosimemba ndiyo inayoondoka, kwa hiyo kuliegemeza gari juu yake ni kukata tawi ulilolikalia. Stendi zikae kwenye ukingo wa bodi chini ya milango, pale kiwanda kilipoweka alama za jeki.

Sababu ya tatu wengi hawaifikirii. Giaboksi ya otomatiki ikiwa kwenye P hufunga tairi za mbele peke yake. Ukishazitoa draivshafti, yaani shafti zinazopeleka nguvu kwenye tairi za mbele, P haishiki chochote. Linalolizuia gari kurudi nyuma ni breki ya mkono na vigingi vya tairi za nyuma tu. Kisha uzito nao unahama: injini, giaboksi na krosimemba vihesabu kuwa kama kilo 200, na vyote vikitoka mbele, pua ya gari inakuwa nyepesi. Kama umeliinua gari zima juu ya stendi nne, toa mizigo yote kwenye buti kabla hujaanza. Mimi niliacha tairi za nyuma chini na kuinua mbele peke yake. Hutulia zaidi, ila usisahau vigingi.

Jeki inayoshuka yenyewe ina vali isiyokaza vizuri, sili zilizochoka au oili pungufu. Lakini hata jeki mpya kazi yake ni kuinua. Kushikilia ni kazi ya stendi. Tofali la saruji halifai kabisa, maana hupasuka ghafla bila kuonya. Kuhusu kutundika chenibloku, ile mashine ya mnyororo ya kuinulia mizigo, mbao za kenchi za nyumba zilipigiwa hesabu ya bati, hazikupigiwa hesabu ya kilo 200 zinazoning'inia sehemu moja. Tafuta au azima miguu mitatu ya mabomba ya chuma. Najua gereji nyingi zilianzia chini ya mwembe, na injini nyingi zimening'inizwa kwenye tawi. Mimi tawi la mwembe siliamini.

Nati kubwa ya katikati ya tairi haifunguki

Ulishainua gari, ukatoa tairi, sasa ukivuta spana habu (kitovu cha tairi) nzima inazunguka nayo. Sababu ni mpangilio tu. Nati hii hulegezwa gari likiwa chini, uzito wake ukiwa juu ya tairi na mtu amekanyaga breki. Kwenye Toyota nyingi ndogo unahitaji spana ya boksi namba 30, na nati hukazwa kwa nguvu ya kusokota ya Nm 216, yaani zaidi ya mara mbili ya nati za tairi zenyewe. Bila mpini mrefu au bomba la kuongezea utaumia mgongo.

Ikiwa imelegea robo raundi kisha ikawa nzito na kulia kama mlango mkavu, angalia ukingo wake. Nati hii hupigwa na kuzamishwa kwenye mfereji wa shafti ili isijifungue. Chukua tindo ndogo, inyooshe kwanza. Ukivuta bila kufanya hivyo utakula mikunjo ya shafti (zile nyuzi nati inamopita), na shafti ni ghali kuliko dakika mbili za tindo. Wakati wa kufunga, nunua nati mpya.

Draivshafti haichomoki kwenye giaboksi

Jiulize kwanza kama unahitaji kuichomoa. Kama injini inashuka na giaboksi yake, unaweza kuchomoa upande wa tairi tu na kuuacha upande wa ndani ushuke na mzigo, shafti ikiwa imefungwa kwa kamba isining'inie. Unaokoa oili ya giaboksi na unaokoa sili. Hili nililijua nilipokuwa nimeshamwaga oili yote sakafuni.

Kama lazima itoke, kinachoishikilia ni ringi ndogo ya waya iliyo kwenye ncha ya ndani. Hiyo huachia kwa mshtuko mfupi, ukibana mtaimbo kati ya ganda la giaboksi na kikombe cha shafti. Usivute kwa kushika shafti yenyewe. Utakachotoa ni shafti peke yake, kikombe kikibaki ndani, na grisi nyeusi yote kwenye nguo.

Upande wa tairi ukigoma, meno yameshikwa na kutu. Rudisha nati hadi iwe sawa na ncha ya shafti, weka kipande cha ubao au shaba, halafu ndipo ugonge. Nyundo ikigusa ncha moja kwa moja, nati haitarudi tena.

Boljointi na tairodi zimegandama

Boljointi ni kiungo kati ya mkono wa chini na habu, na tairodi ni fimbo ya usukani inayogeuza tairi. Umeshalegeza nati lakini pini imekaa kwenye tundu lake kama imechomelewa. Tundu hilo limetengenezwa kwa umbo la kupungua, hivyo hujibana lenyewe. Gonga pembeni mwa sikio la chuma lililoibeba pini, si kwenye mikunjo. Mapigo mawili matatu mazito yanatosha kuliko ishirini ya woga. Acha nati imeshika mikunjo michache ili mkono wa chini usikurukie.

Ninashauri shokapu, habu na breki vibaki juu kwenye bodi. Ukitenganisha kwenye boljointi ya chini na tairodi tu, hugusi mafuta ya breki, na waya za ABS zinabaki salama.

Bolti ya krosimemba haitoki, au inazunguka tu

Magari mengi tunayopata yametumika Japani kwanza, na yale yaliyotoka mikoa ya theluji yamepita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi. Juu linang'aa, chini ni kutu tupu. Ukiishi karibu na bahari, upepo unamalizia kazi hiyo.

Bolti isiyosogea kabisa, inyunyizie mafuta ya kulainisha kutu jana yake usiku, si dakika tano kabla. Tumia boksi yenye pembe sita. Ya pembe kumi na mbili hula kichwa. Jaribu kwanza kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza, ganda la kutu huvunjika kwa njia hiyo. Moto unasaidia, lakini angalia mabomba ya petroli na mipira iliyo jirani, na uwe na mtungi wa kuzimia moto mkononi. Ikianza kutoka kwa shida, irudishe ndani nusu raundi, nyunyiza, itoe tena. Haraka hapa ndiyo hukata bolti.

Ile inayozunguka bila kutoka ndiyo mbaya zaidi. Nati yake iko ndani ya chuma cha chesi, ilichomelewa kiwandani, na uchomeleaji umeachia. Jaribu kuivuta bolti chini kwa kuichomekea bisibisi bapa chini ya kichwa huku ukifungua. Wakati mwingine nati hujibana na kukubali. Ikigoma, kuna njia mbili: kukata kichwa cha bolti na kuiacha krosimemba ishuke, au kutoboa dirisha dogo kwenye chesi upande wa pili ili uishike nati kwa spana. Zote mbili zitamhitaji fundi wa kuchomelea baadaye. Mimi ningekata kichwa, maana chesi iliyotobolewa na kuzibwa vibaya ni mlango wa kutu mpya.

Bolti ya mauntingi imelegea lakini haichomoki

Imebeba uzito. Injini hushikwa na mauntingi, yaani vishikio vyenye mpira, za kwenye bodi, kulia na kushoto, na nyingine iliyo juu ya krosimemba. Hiyo ya krosimemba iache imefungwa, ishuke na mzigo. Za kwenye bodi zitoke mwisho kabisa, mzigo ukiwa umeshabebwa kwa chini. Pandisha au shusha jeki kidogo kidogo huku vidole vyako vimeshika bolti. Itafika mahali inazunguka kwa vidole tu. Ukitumia nyundo, ujue jeki yako haijakaa sawa.

Mzigo umeshuka kidogo kisha umesimama, au upande mmoja tu unashuka

Hapa ndipo Jumamosi yangu ya pili ilipoishia.

Dawa ni kushusha sentimita tano, kusimama, kuchukua tochi na kuzunguka gari lote, kisha tano nyingine. Usisukume. Ukiona upande mmoja umebaki juu, kilichoshika kiko upande huo, na mara nyingi ni kitu chembamba ambacho hukukihesabu.

Kwangu cha kwanza kilikuwa waya wa ethi, ule mfupi uliosukwa, kutoka giaboksi kwenda kwenye bodi. Hauonekani kwa juu kwa sababu betri na kibao chake hukaa hapo. Cha pili kilikuwa mipira miwili ya hita inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na ndani ya gari. Mipira hii ikizeeka hunata kwenye bomba. Usiizungushe kwa koleo, maana bomba la hita ni laini na likipinda utafungua dashibodi nzima kulibadilisha. Pasua mpira kwa kisu, utanunua mwingine.

Cha tatu ni usukani. Kwenye gari nyingi za aina hii raki, mtambo wa usukani unaogeuza tairi, imefungwa juu ya krosimemba, kwa hiyo inashuka nayo, na lazima uiachanishe na shafti ya usukani pale kwenye jointi karibu na miguu ya dereva. Kuilegeza ile bolti hakutoshi; inapita kwenye mfereji wa shafti, hivyo itoe yote. Kabla ya hapo nyoosha tairi, tia alama ya rangi kwenye jointi, kisha funga usukani kwa mkanda wa kiti usizunguke. Nyuma ya honi kuna utepe mwembamba wa nyaya ulioviringwa kama kamba ya saa, unaopeleka umeme kwenye airbag. Usukani ukizunguka hovyo raki ikiwa haipo, utepe unakatika.

Baada ya hapo angalia mpira wa breki unaovutwa hewa na manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini), kebo ya gia, waya za sensa za bomba la moshi, bomba la moshi lenyewe, na vibomba vya kupoza oili ya giaboksi vinavyokwenda kwenye rejeta. Waya mkubwa wa injini ni suala la uamuzi: uachie injini au uachie bodi? Kwenye Toyota nyingi za umri huo huingia ndani hadi kwenye kompyuta iliyo nyuma ya droo ya mbele. Mimi niliutoa kutoka ndani na kuuacha umelala juu ya injini. Ni plagi chache kuliko kufungua za kwenye injini moja moja, na plagi za plastiki ya miaka ishirini huvunjika ukizitazama tu.

Kompresa ya AC usifungue mabomba yake. Ndani kuna gesi yenye presha inayounguza ngozi kwa ubaridi, na kuimwaga hewani si sawa. Fungua bolti za kompresa peke yake, ining'inize kwenye bodi kwa waya mnene, mabomba yakiwa mazima.

Petroli nayo ishughulikiwe mapema. Kwenye injini ya EFI kama hii, inayopuliziwa petroli kwa kompyuta, bomba lina presha ya karibu bar 3 hata gari likiwa limezimwa. Toa fyuzi ya pampu, washa injini hadi izime yenyewe, kisha ndipo utoe betri. Weka kitambaa ukifungua, maana matone hayakosi. Na taa ya balbu inayoning'inia kwa waya, ile tunayoipenda, iondoe kabisa.

Mzigo uko chini lakini hautoki chini ya gari

Umefaulu kila kitu, injini imekaa sakafuni, na juu yake bado kuna pua ya gari. Hili linatokana na kutopima. Chukua futi kabla hujaanza: kutoka chini ya krosimemba hadi sehemu ya juu kabisa ya injini, ongeza urefu wa kitoroli au ubao utakaoilaza. Usishangae ikikaribia sentimita 70. Stendi za kawaida hazikufikishi huko.

Punguza urefu wa mzigo kwanza: toa manifoldi ya kuvuta hewa na chochote kilichosimama juu. Kisha toa bampa na chuma chake, na rejeta. Kitoroli chenye magurudumu makubwa ni anasa hapa. Plaiwudi iliyopakwa sabuni ya maji inateleza vizuri na haiongezi hata sentimita tatu. Ikibaki kidogo, funga mikanda ya kubebea mizigo kwenye sehemu za bodi zinazobeba shokapu pande zote mbili, inua pua kwa chenibloku, buruta mzigo nje, halafu urudishe gari kwenye stendi mara moja. Wakati huo hakuna mtu anayeingiza hata mkono chini.

Wakati wa kurudisha: giaboksi na injini vimebaki na mwanya

Vidole viwili vinapita kati yao na unatamani kuvivuta kwa bolti. Usithubutu. Kwenye giaboksi ya otomatiki, lile sufuria zito lililo katikati, konveta, halijaingia hadi mwisho. Bolti zitalibana na kuvunja pampu ya oili ya giaboksi. Achanisha, lizungushe huku ukilisukuma. Huzama kwa ngazi, unasikia likidondoka kidogo, kisha tena. Pima kina chake kutoka ukingo wa giaboksi kabla ya kuunganisha. Likikaa sawa, kingo mbili hukutana kwa mkono na konveta bado inazunguka kwa vidole.

Imerudi, lakini gari si lile

Usukani umekaa upande wakati gari linakwenda sawa: jointi imerudi jino moja pembeni. Alama ya rangi ingekuokoa. Gari linavuta upande mmoja: krosimemba haijarudi mahali pake. Matundu yake yana nafasi ya kucheza, na milimita chache zinatosha kuvuruga tairi. Ndiyo maana kabla ya kushusha nilizungushia kila bolti yake rangi ya kucha, ambayo niliomba ndani bila kueleza ya nini. Rekebisha hilo kwanza ndipo uende kwenye alaimenti, vinginevyo unalipia kunyoosha kilichopinda.

Mlio wa "tok" ukikanyaga breki: bolti ya krosimemba au ya mkono wa chini haijakazwa. Bushi za mikono ya chini zikazwe gari likiwa juu ya tairi zake. Zikikazwa zinaning'inia, zinajisokota na kufa mapema. Mtikisiko gari likiwa limesimama: mauntingi zimekazwa kwa kuvutana. Legeza zote, tikisa injini, kaza upya.

Taa ya airbag imewaka na honi imekufa: ule utepe wa usukani, na hakuna njia ya mkato. Inachemsha siku ya kwanza: hewa imebaki kwenye kulanti. Jaza taratibu injini ikiwa baridi, hita ikiwa kwenye moto wote, hadi feni izunguke na mpira wa chini wa rejeta upate joto kama wa juu.

Inapiga stata lakini haiwaki: angalia plagi ya sensa ya krenki, iko chini na husahaulika. Stata inazunguka kwa uvivu na taa za dashibodi zinafifia: ni ethi. Kwangu ilikuwa hivyo. Nililaumu betri, nikaazima ya jirani, hali ikawa ile ile. Nilipogusa kebo ya gia nikakuta ina moto, kwa sababu umeme wote wa stata ulikuwa umekosa njia ukapita humo. Bolti ya ule waya mfupi uliosukwa ilikuwa mezani, ndani ya kikombe cha chai, na kwa siku mbili nilikuwa nimeshaihesabu kuwa ya ziada.